Oili inavuja kwenye nati ya sampo? Usikimbilie kukaza

Wadau, gari imebadilishwa oili juzi tu, asubuhi unakuta matone chini. Fundi anakuja na spana ndefu, anakaza mpaka jasho linamtoka. Jamani, hapo ndipo meno ya sampo ya alumini yanapokwisha!

Mara nyingi mkosaji ni washa, ile pete bapa ya shaba au alumini inayokaa kwenye nati. Ikishabanwa mara moja inalala, haizibi tena vizuri. Dawa yake: mwaga oili kwenye chombo safi, futa sehemu ya kukalia nati, weka washa mpya. Anza kufunga kwa vidole, malizia na spana bila kuning'inia. Rudisha oili, acha injini iungurume dakika chache, kisha chungulia.

Washa ni hela ndogo. Injini ikikauka oili, unatafuta nyingine.