Usingoje Maumivu: Mafundisho kwa Wamama juu ya Titi na Tumbo la Uzazi



Siku za kupima watoto tunasema nawe juu ya kuhara, malaria na chanjo. Leo tunataka kusema juu ya mwili wako wewe mwenyewe. Kuna sehemu mbili ambazo wamama wengi wanaona haya kuzitaja, hata mbele ya muuguzi: titi, ambalo wengine wanaliita ziwa, na tumbo la uzazi. Hapana kuona haya. Mungu aliyeumba mkono na mguu ndiye aliyeumba na sehemu hizi, na ugonjwa wake ni ugonjwa kama mwingine.

Neno kubwa la somo hili ni moja: USINGOJE MAUMIVU.

Wamama wawili kwenye benchi

Tuseme wamama wawili wamekuja kiliniki siku moja. Wa kwanza ana mtoto wa majuma matatu. Titi lake moja limevimba na linawaka moto; ana homa, analia. Watu wote wanamhurumia, wanampisha apite mbele. Ni vizuri.

Wa pili ameleta mtoto wa mwaka mmoja kupimwa uzito. Katika titi lake mna kitu kigumu, kidogo kama punje ya haragi. Hakimwumi. Anaketi kimya, anangoja zamu yake, mtoto anapimwa, kisha anamfunga mgongoni kwa kikwembe na kurudi nyumbani. Hakusema neno kwa mtu.

Ni nani kati yao aliye katika hatari zaidi? Macho yetu yanasema ni yule anayelia. Lakini yeye akipata dawa leo, kwa kawaida atapona upesi. Yule wa pili ndiye anayetutia hofu. Labda kile kivimbe si kitu. Labda ni mwanzo wa kansere. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyekiangalia.

1. Titi linalouma wakati wa kunyonyesha

Siku chache baada ya kuzaa, maziwa yanaingia kwa nguvu na matiti yanajaa. Mtoto asiposhika vizuri, chuchu inapasuka na maziwa yanabaki ndani. Hapo titi linaweza kuvimba, kuwa na joto na kuuma, na mama kupata homa. Ufanye hivi:

– Usimwachishe mtoto kwa ghafula. Ukiacha kunyonyesha, maziwa yanabaki ndani na ugonjwa unazidi. Maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto. (Mama mwenye virusi vya SIDA aulize muuguzi kwanza, maana shauri lake ni jingine.)
– Mtoto ashike vizuri: kinywa wazi sana, kidevu kiguse titi, ashike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka.
– Baada ya kunyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi juu ya titi. Usilikande kwa nguvu, wala usimruhusu mtu kulichanja kwa wembe au kulipaka mavi ya ng'ombe.
– Kama siku moja imepita na homa haijashuka, njoo. Utapewa dawa ya kuua vijidudu. Kama usaha umekwisha kukusanyika, daktari atautoa.

Na sasa shika sana neno hili: ukimaliza dawa na titi bado limevimba, RUDI. Usiseme, “Ni maziwa tu.” Kuna aina ya kansere inayovimbisha titi na kulitia joto, hata watu hudhani ni jipu. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha naye anaweza kupata kansere.

2. Kivimbe kisichouma

Kansere ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Chembe hizo huzaliana kwa mpango. Katika kansere, chembe fulani zinakataa mpango. Zinazaliana ovyo kama majani mabaya shambani, kisha zinatoka mahali pake na kwenda kwapani, katika mapafu, ini na mifupa. Hapo mwanzo hazileti maumivu. Mchwa nao hula nguzo ya nyumba bila kelele. Siku utakaposikia nyumba inalia, nguzo imekwisha kuwa vumbi.

Kwa hiyo jua matiti yako. Unapooga, yatazame na kuyagusa kwa vidole vilivyonyooka, mpaka kwapani. Kama unanyonyesha, fanya hivi baada ya mtoto kushiba. Uvimbe wa maziwa huja na kwenda. Lakini kivimbe kinachokaa majuma mawili bila kuondoka lazima kiangaliwe.

Njoo pia ukiona:

– ngozi ya titi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa;
– chuchu iliyokuwa nje sasa imevutwa ndani;
– damu inatoka katika chuchu;
– kidonda au upele wa chuchu usiopona;
– uvimbe kwapani.

Hapana kukata tamaa ukisikia kivimbe. Kwa wamama vijana vivimbe vingi si kansere. Lakini kwa vidole peke yake hata daktari hawezi kujua hakika. Lazima achukue kipande kidogo kwa sindano, kiangaliwe kwa mikroskopi. Wengine wanasema, “Kivimbe kikiguswa na chuma kitakasirika na kusambaa.” Si kweli. Kinachosambaza kansere ni kungoja.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilianzisha kazi ya kupigana na kansere ya titi mwaka 2021. Moja ya shabaha zake ni kwamba mama ajue jibu la ugonjwa wake kabla ya siku 60 kupita tangu alipofika mara ya kwanza. Mama, siku hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka wewe ufungue kinywa.

3. Damu isiyo ya mwezi

Tumbo la uzazi lina mlango wake, ule ambao mtoto hupitia siku ya kuzaliwa. Kansere inaweza kushika mlango huo. Inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Vinapita kati ya mume na mke wanapolala pamoja. Virusi hivi vimeenea sana: karibu watu wote waliooa na kuolewa wanavipata wakati fulani, na mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe. Basi mume asimshitaki mke, wala mke asimshitaki mume. Virusi vinaweza kukaa miaka mingi bila kujulikana.

Kwa wamama wachache virusi havitoki. Vinaharibu mlango polepole, na kwa kawaida inachukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansere. Kwa mama mwenye SIDA asiyekunywa dawa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Hii ni huruma kubwa: tuna miaka mingi ya kuukamata ugonjwa ungali mdogo.

Unakamatwaje? Muuguzi anatazama mlango wa tumbo na kuupaka dawa inayofanana na siki. Anangoja dakika moja. Mahali palipoanza kuharibika panageuka kuwa peupe. Mahali hapo panaweza kuchomwa kwa baridi kali au kwa joto, na mara nyingi mama anarudi nyumbani siku ile ile. Kila mama wa miaka 30 au zaidi apimwe, hata kama hasikii kitu. Mwenye virusi vya SIDA aanze akiwa na miaka 25.

Usingoje siku ya kupimwa, njoo mara moja ukiona:

– damu baada ya kulala na bwana;
– damu katikati ya miezi;
– damu tena baada ya mwezi kukoma kwa uzee, hata tone moja;
– maji yenye harufu mbaya yasiyokoma.

Maumivu ya kiuno, mguu kuvimba na mkojo kutoka wenyewe huja nyuma, ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali. Hapo kupasua peke yake hakutoshi, na matibabu ya mionzi hayapatikani katika hospitali zetu nyingi.

Na kwa binti zako: kuna chanjo ya HPV, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajajua mwanamume. Uliza kituo chako cha afya kama imefika. Aliyechanjwa naye apimwe akifika umri.

4. Kwa nini tunachelewa?

Wengine wanasema, “Nimerogwa,” nao wanamaliza miezi na mbuzi kwa mfumu. Wengine wanaogopa bwana. Wengine wanaogopa bei ya hospitali. Tunajua fedha ni ngumu. Lakini kivimbe kidogo kinatolewa kwa fedha kidogo kuliko kidonda kikubwa.

Kumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote, naye alikuja kwa nyuma, kwa kujificha. Bwana Yesu hakumfukuza wala kumwaibisha. Alimwita binti. Basi muuguzi anayemfuata Yesu naye hawezi kukucheka. Maombi na dawa havigombani: omba, kisha njoo.

Mwambie bwana yako wazi: “Nimeona kitu katika mwili wangu, nataka kiangaliwe.” Akikataa, mlete kiliniki, tutasema naye. Na ukiwa mama mkwe, usimwambie mke wa mtoto wako avumilie. Msindikize.

Kumbuka

1. Titi linalouma na kuwaka: nyonyesha, njoo upate dawa, na rudi kama halikupona.
2. Kivimbe kisichouma, majuma mawili: njoo.
3. Damu isiyo ya mwezi: njoo leo.
4. Miaka 30: pimwa mlango wa tumbo, hata kama una afya.

Maswali ya kuulizana baada ya somo

1. Kwa nini tunasema yule mama wa pili kwenye benchi ndiye aliye katika hatari zaidi?
2. Uvimbe wa maziwa na kivimbe cha hatari vinatofautianaje?
3. Ni mama gani katika nyumba yako au katika kanisa lako ambaye utamweleza somo hili juma hili?

Na kama unaposoma hapa moyo wako unakuambia, “Mimi ni yule wa pili,” usifunge mtoto mgongoni na kwenda. Mwite muuguzi sasa.