Stendi ya Maikrofoni Nyumbani Mwako

Ukitaka kunasa sauti chumbani mwako, usiitazame maikrofoni tu. Tazama na kile kinachoishikilia. Maikrofoni nzito juu ya stendi nyepesi itaanguka, na fedha yako imekwenda.

Chagua stendi ya miguu mitatu yenye mkono mrefu. Mkono huo uuelekeze juu ya mguu mmojawapo, si katikati ya miguu miwili, la sivyo yote itapinduka. Kabla ya kuuinua au kuushusha, legeza kifungo kwanza. Wengi huulazimisha, meno yakalika. Na kishikio ulichonunua kikikataa kuingia, usimgombeze mwenye duka: skrubu ziko za inchi 3/8 na za inchi 5/8, na kipete kidogo cha shaba huzipatanisha.

Je, wasikia ngurumo kila mtu apitapo? Kishindo cha nyayo hupanda kwa sakafu na chuma. Itundike maikrofoni katika kishikio cha nyuzi za mpira, wala usiifunge kwenye meza unayoigonga-gonga. Waya nao uuache ulegee kidogo, kisha uubandike sakafuni, mtoto akijikwaa asivute kila kitu. Mwimbaji na asimame mbali kiasi cha sentimeta 15 hadi 20.