Nani atamfuata mgonjwa nyumbani?

Januari 30, 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, ambako leo ni wilayani Muleba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio, woga na kukimbia huku na huko. Kilikuja, kikatulia, kikarudi, na kwa baadhi yao hali hiyo iliendelea hadi siku 16. Hadi Machi 18 shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu, wakachunguza maji ya uti wa mgongo, wakakagua na chakula. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 1963 walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa mfadhaiko wa akili unaosambaa ndani ya kundi. Taarifa hiyo ingali inazunguka duniani, na mara nyingi husimuliwa kama kichekesho. Waliokumbwa hawakuwa wakicheka kwa furaha.

Kinachorukwa katika masimulizi hayo ni yaliyotokea baada ya lango la shule kufungwa. Wasichana walirudishwa makwao. Siku 10 baadaye kicheko kikaibuka Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, na kati ya Aprili na Mei watu 217 wakapatwa. Kashasha ikafunguliwa Mei 21, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Mwezi huohuo wa Juni ikawa zamu ya Ramashenye, shule ya kati ya wasichana karibu na mji wa Bukoba, ambako wanafunzi 48 kati ya 154 waliugua. Hakuna aliyekufa, na siwalaumu waliofunga shule, maana hawakuwa na njia nyingine. Lakini kumrudisha mgonjwa nyumbani kulihesabiwa kuwa mwisho wa kazi, kumbe ni hatua ya tiba kama nyingine, yenye matokeo yake, na haikuwa na mtu wa kuisimamia. Zaidi ya miaka 60 imepita, na pengo hilo bado liko palepale: mgonjwa wa akili ana wa kumpokea hospitalini, hana wa kumfuata akiruhusiwa.

Kazi ninayoizungumzia ina jina linalojulikana kwa maofisa ustawi wa jamii: usimamizi wa mashauri. Msimamizi wa shauri si daktari, na haandiki dawa. Ni mtu mmoja anayejua kwamba mgonjwa fulani aliruhusiwa lini, sindano yake ya mwezi inaangukia tarehe ipi, nani nyumbani anamkumbusha vidonge, na mwenyekiti wa kitongoji anasema nini juu yake. Chukua mgonjwa wa skizofrenia anayeishi kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba. Sindano ya flufenazini akiikosa kwa sababu ziwa limechafuka au nauli ya mtumbwi haipo, haanguki siku ileile. Hupita wiki kadhaa akionekana mzima, familia ikaamini amepona, kisha usingizi ukaanza kumpaa. Anayejua kusoma dalili ya usingizi anaweza kuokoa safari nzima ya rufaa hadi Bugando, Mwanza. Au chukua kifafa, ambacho kwetu hutibiwa katika kliniki hizohizo za afya ya akili: mtu akiacha ghafla fenobabitoni kwa kuwa vidonge vimekwisha zahanati, degedege hurudi kwa nguvu, na mara nyingi humkuta jikoni kando ya mafiga. Majeraha ya moto yanayofuata huandikwa kwenye daftari la wodi ya upasuaji, na hakuna anayeyahesabu kuwa ni kushindwa kwa huduma ya akili.

Sheria yenyewe imeelemea upande mmoja. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inawataja polisi, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji kuwa wanaoweza kumfikisha kituo cha tiba mtu ambaye ugonjwa wake unahatarisha usalama. Wa kumpeleka ni wengi. Kurudi ameachiwa ndugu, ambaye kwa kawaida ni mama au bibi mwenye kibanja cha kulima na wajukuu wa kulisha.

Je, kazi hii inaweza kufundishwa kwa watu wasio na shahada? Ushahidi ninaouona wenye nguvu unatoka jirani, na mwingine unatoka Muleba kwenyewe. Mwaka 1997, katika Nshamba ileile ya kicheko, mradi wa HumuliZa ulianza kazi kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi, ukiongozwa na Kurt Madörin. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikobainika mwaka 1983, na miaka ya tisini yatima walikuwa wamejaa vijijini. Wakati misaada mingi ilipima mahitaji yao kwa sare za shule na mabati, HumuliZa iliwafunza walimu na walezi namna ya kuzungumza na mtoto kuhusu kifo cha mzazi, jambo ambalo wakubwa wengi walilikwepa wakidhani wanamlinda. Mwaka 2000 watoto wenyewe wakaanzisha chama chao, Vijana Simama Imara. Mwaka 2003 ikafuata Kwa Wazee, iliyotoa pensheni ndogo kwa vikongwe, wengi wao mabibi waliobaki na wajukuu. Uzoefu wa Nshamba ni miongoni mwa mbegu zilizozaa REPSSI, mtandao wa msaada wa kisaikolojia kwa watoto wa mashariki na kusini mwa Afrika, ulioundwa mwaka 2002. Na mwaka 2009 mtandao huo pamoja na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal ukaanza kutoa cheti kwa njia ya masafa kwa wanaofanya kazi na watoto katika jamii. Muleba, kwa maneno mengine, imewahi kuwa mwalimu wa somo hili. Inashangaza kwamba leo kijana wa Muleba anayetaka kulisomea anaanza kutafuta nauli ya Dar es Salaam.

Vuka mpaka wa Mutukula uingie wilaya za Rakai na Masaka, Uganda. Huko, mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walichukua vijiji 30 na kuwafunza wenyeji kwa wiki 2 tu ili waongoze vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Baada ya wiki 16 waliobaki na sonona kwenye vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, kutoka asilimia 86. Kwenye vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7, kutoka asilimia 94. Takwimu ya pili isirukwe: karibu wanne katika kila kumi walipata nafuu bila vikundi, kwa hiyo si kila nafuu inatokana na mafunzo. Hata hivyo tofauti iliyobaki ni kubwa mno kupuuzwa. Na kwa anayesema sonona ni jambo jepesi, maradhi mazito ni habari nyingine, kuna jaribio la wilaya ya Sodo, Ethiopia, lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 166 wa skizofrenia walifuatiliwa. Waliotembelewa nyumbani na watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya wiki chache, juu ya dawa za kituo cha afya, baada ya mwaka mmoja walikuwa na uwezo zaidi wa kuendesha maisha yao kuliko waliopata huduma ya kituo peke yake.

Ukiyasoma majaribio hayo kwa makini, utaona kwamba muda wa darasani haukuwa siri ya mafanikio. Siri ilikuwa usimamizi uliofuata: mtu mwenye ujuzi zaidi alikutana na waliofunzwa mara kwa mara, akapitia mafaili, akauliza kwa nini fulani hakutembelewa. Hapo ndipo mafunzo yetu yanapokosea njia. Tumezoea semina ya siku tano ukumbini Bukoba mjini, yenye posho, picha ya pamoja na cheti, kisha kila mmoja anarudi kwake na hakuna anayempigia simu. Ningependa kuona kozi iliyopinduliwa: wiki chache darasani, kisha miezi 6 ya kazi kwenye kata, mwanafunzi akiwa na wagonjwa wachache halisi na muuguzi wa afya ya akili wa wilaya akimkagua, ndipo arudi kufanya mtihani. Muleba ina vyuo vya uuguzi Rubya na Ndolage, vyote kando ya hospitali zenye wodi na kliniki. Walimu na wagonjwa hawako mbali. Cha kufundishwa si siri: kusikiliza bila kuhubiri, kutathmini hatari ya mtu kujidhuru, kuandika mpango ambao familia imeukubali, kujua dawa zinavyokausha mdomo na kutetemesha mikono ili mgonjwa asizitupe, kuandika rufaa inayosomeka, kuzungumza na mwalimu mkuu au ofisa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na kujua shauri linafungwa lini. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Asiyejua kufunga shauri huishia na wagonjwa mia, na hamfuatilii hata mmoja.

Yapo mapingamizi, na ninayaheshimu. La kwanza husemwa na matabibu wenyewe: tuongezewe kwanza madaktari bingwa, haya ya wasaidizi ni kuwapa watu wa vijijini huduma ya daraja la pili. Hofu hiyo ina msingi. Msimamizi wa shauri bila daktari nyuma yake ni mjumbe anayepeleka barua kwenye ofisi iliyofungwa. Lakini bingwa mmoja akiajiriwa Bukoba kesho, bado hatakwenda kisiwa cha Goziba kuuliza kama fulani anameza vidonge. Kumsomesha ni kazi ya miaka mingi, na muda wake ni ghali mno kuutumia kwenye mtumbwi. Marekani ilijifunza hili kwa uchungu. Baada ya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1963 wagonjwa walitolewa kwa maelfu katika hospitali kubwa za akili, na waliotolewa bila wa kuwafuata waliishia mitaani na magerezani, hadi timu za kuwatembelea makwao zilipobuniwa huko Wisconsin miaka ya sabini. Nchi hiyo haikuwa na uhaba wa madaktari bingwa.

Pingamizi la pili ni siri. Muleba kila mtu anamjua mwenzake, na msimamizi wa kata anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa. Hili silioni kuwa dogo, hasa kwa aliyejaribu kujiua, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu kuwa mkosaji, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Mtu aliyekunywa sumu ya mifugo anahitaji kusikilizwa, naye anaogopa polisi. Hata hivyo kijiji tayari kinajua. Kinachokosekana ni mtu mmoja ndani ya kijiji ambaye kwa kiapo na kwa mkataba wa ajira amezuiwa kusimulia. Familia ipewe pia haki ya kuchagua msimamizi wa kata jirani. Na wale wanaosema waganga wa kienyeji na makanisa ya maombezi wameshaifanya kazi hii, nawajibu kwamba wanaifanya kweli, na ndiyo maana msimamizi anapaswa kuzijua njia za kwao. Ila mganga hana daftari la tarehe za sindano.

La tatu ni fedha, na ndilo linaloamua. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pamoja na washirika wake wa Marekani iliwahi kufunza wasaidizi wa ustawi wa jamii vijijini, na mradi wa Kizazi Kipya, uliokoma mwaka 2021, ukawa na wahudumu wa mashauri ya watoto waliotembea nyumba hadi nyumba. Mafunzo yalikuwa mazuri. Mlipaji alikuwa mbali. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Dodoma kwamba kirusi cha Marburg kimethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera. Siku hiyohiyo, Washington, amri ya kusitisha misaada ya nje ilitiwa saini. Mkoa uliopitia kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, tetemeko la Septemba 2016, ajali ya ndege ya Novemba 2022 na Marburg mara mbili hauwezi kuacha huduma ya majonzi yake itegemee kalamu ya mtu asiyejua Muleba iko wapi.

Fedha kidogo zipo, na mlango upo. Januari 31, 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka 5. Hawa wanaingia vitongojini wakiwa na malaria, lishe na uzazi mikononi. Halmashauri ya Muleba na zile za Bukoba hazihitaji kuunda jeshi jipya. Zinahitaji kuchagua mhudumu mmoja katika kila kata, kumwongezea miezi ya mafunzo ya kusimamia mashauri ya wagonjwa wa akili na kifafa, kumpa faili lenye kufuli na nauli ya ziwani, na kumweka chini ya muuguzi anayemkagua kila mwezi, kwa mapato ya ndani. Madiwani watakapokaa kujadili bajeti ijayo, wapiga kura wa Nshamba na Kashasha wawaulize fungu hilo limeandikwa ukurasa gani.