Mtoto akikamatwa, jambo la kwanza ni umri wake

Huku Majengo, Pumwani, ninakoishi, msako wa polisi si habari ngeni. Kijana aliyetumwa dukani usiku anaweza kulala kituoni, mzazi akajua asubuhi. Ndugu zetu wa Pwani walioleta watoto kwa jamaa zao Eastlands huniuliza sheria yasemaje, na wengi wangali wanakumbuka ile ya zamani. Sheria ni moja kutoka Lamu hadi Kayole, basi tuielewe.

Tangu Julai 2022 tunatumia Sheria ya Watoto iliyofuta ile ya 2001. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Sasa aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Wa miaka 12 na 13 huhesabiwa kuwa hajapambanua jema na baya, mpaka korti ithibitishiwe vinginevyo.

Makosa madogo si lazima yafike kortini. Mtoto akikiri kwa hiari yake na mzazi akikubali, anaweza kuomba msamaha, kufidia alichoharibu au kupewa ushauri nasaha, mambo yakaishia hapo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto azuiliwe tu pale njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Akipatikana na hatia hapelekwi jela. Hakimu anaweza kumweka chini ya afisa wa probesheni, au kumpeleka shule ya urekebishaji kama ya Kabete au Likoni. Aliye mkubwa zaidi huweza kupelekwa Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka 3. Zamani pia, mtoto aliyeua hakunyongwa, bali alizuiliwa mpaka Rais apende, bila tarehe ya kutoka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa hilo ni kinyume cha Katiba.

Lakini haki zote hizi zasimama juu ya neno moja: umri. Askari akiandika 18, kijana wa miaka 16 aliyeota ndevu atalala selo ya wakubwa na kupandishwa kizimbani Makadara kama mtu mzima. Hakimu aweza kuagiza umri uchunguzwe, hata na daktari, ila sharti mtu aseme. Nao wengi wetu cheti cha kuzaliwa hatuna, au kimebaki kwa bibi Pwani.

Kwa hivyo unapomleta mtoto Nairobi, mlee wake awe na nakala ya cheti, hata picha kwenye simu. Akikamatwa, nenda kituoni mara moja, hakikisha umri sahihi umeandikwa kwenye OB, na uulize yuko selo gani. Ndani ya saa 24, au siku ya kwanza korti ikifunguliwa, lazima afikishwe kwa hakimu. Usingoje siku hiyo ndiyo uanze kutafuta cheti.