Mabingwa wa Kochi

Hapana nyumba ya watu wetu hapa Johannesburg isiyokuwa na bingwa wake wa kochi. Utamjua kwa mahali anapokaa. Ni kile kiti kinachotazamana na televisheni, ambacho mgeni akikikalia kwa kutojua huombwa kwa adabu ahamie upande wa pili. Kikombe cha chai ya tangawizi kiko mkono wa kulia, sahani ya sambusa mkono wa kushoto, na blanketi magotini, maana Julai ya mji huu si mchezo. Kutoka hapo yeye huwafundisha kazi walinda mlango, huwabadilisha washambuliaji na kuwafukuza makocha. Yeye mwenyewe akipanda ngazi za ghorofa ya pili hupumzika katikati, lakini mchezaji akiuchelewa mpira kwa hatua moja dakika ya 85, humwita mvivu.

Mimi siipingi starehe hii. Mtu aliyefanya kazi siku sita ana haki ya kupiga kelele siku ya saba. Tena tabia yenyewe hatukuiokota huku, tumekuja nayo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973 na hapa Afrika Kusini mwaka 1976, lakini Tanzania Bara haikuipata mpaka 1994. Kwa hiyo wengi wa wazee wetu walijifunza kulaumu kwa redio. Mwaka 1980, Taifa Stars ilipokwenda Nigeria kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, ilifungwa 3-1 na wenyeji, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Watu waliokusanyika kuizunguka redio walijua kabisa beki gani alisimama vibaya! Hawakumwona beki, hawakuuona mpira, na uwanja wenyewe hawakupata kuutia machoni. Na timu ile waliyoichambua hivyo ilifika mahali ambapo Taifa Stars haikufika tena mpaka mwaka 2019.

Lakini usiku ninaotaka kuuandika humu ni ule wa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010.

Vijana wasiokumbuka ni vema waelezwe hali ilivyokuwa. Miaka miwili kabla, Mei 1988 ingekuwa hadithi ya wazee, lakini hii ilikuwa Mei 2008, juzi tu: fujo dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, zikaenea, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Kombe la Dunia lilipokuja, ukavuma uvumi kwamba mashindano yakiisha tu wageni watatimuliwa. Jirani yangu mmoja alikwisha kufunga masanduku mawili na kuyaweka nyuma ya mlango. Wakati huo huo Bafana Bafana ilitolewa tarehe 22 Juni, ingawa siku hiyo iliwafunga Wafaransa 2-1, na Ghana ikawa timu pekee ya Afrika iliyobaki. Basi wenyeji wakahamia huko kwa moyo mmoja, wakaibatiza jina la BaGhana BaGhana. Usiku ule, katika sebule moja pale Mayfair, tulikaa watu wa Dar es Salaam, wa Unguja, wa Bukavu na mwenyeji mmoja wa Soweto na mkewe, na sote tulikuwa tukiiombea timu moja. Ndiyo maana nasema mpira ule haukuwa mpira tu.

Uwanja wa Soccer City haukuwa mbali na pale tulipokaa, na ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 84,000. Muntari alifunga kwa shuti la mbali kabla tu ya mapumziko, Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika 90 zikaisha, zikaongezwa 30. Dakika ya 120 nayo ilikwisha kupita pale Luis Suárez, akiwa amesimama kwenye mstari wa goli, alipouzuia kwa mikono mpira wa kichwa wa Adiyiah uliokuwa unaingia wavuni. Refa akampa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti. Bao hilo lingeipeleka Afrika nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Asamoah Gyan, jezi namba 3, akauweka mpira chini, akapiga, ukagonga mwamba wa juu na kupaa.

Sebuleni palikuwa kimya kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha mabingwa wakaanza.

“Mtoto huyu ametuuza!” alisema mzee mmoja ninayemheshimu sana.

“Hata mimi ningefunga,” akadakia mwingine, “na hivi viatu vya ndani.”

“Si alikuwapo Appiah? Kwa nini asipewe Appiah?”

Mwenye nyumba, mama wa watu aliyekuwa akileta chai tangu jioni, aliweka sinia mezani akasema: “Haya, waume zetu, tokeni nje kwenye baridi hii, kimbieni saa mbili, mkirudi tuwekeeni mpira pale getini tuone nani atafunga.” Mtu wa Soweto, ambaye Kiswahili hakukijua, aliuliza mama amesema nini. Alipotafsiriwa alicheka mpaka akafuta machozi, na nadhani machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko tu.

Mama yule alikuwa na hoja. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliotoka pwani tunazikumbuka wiki zetu za kwanza hapa, jinsi mfuko wa viazi ulivyotutoa pumzi. Gyan alikuwa amekimbia saa mbili katika hewa hiyo. Penalti hupigwa kutoka mita 11, goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na kwa mtu aliyekaa ni kama mlango wa ghala ulioachwa wazi. Kwa mtu mwenye miguu iliyokwisha, na bara zima mgongoni, sijui unaonekana kama nini.

Wala hakuwa mgeni wa kazi ile. Aliifunga Serbia kwa penalti, akaifunga Australia kwa penalti, na bao lililoitoa Marekani katika muda wa nyongeza lilikuwa lake. Katika mabao matano ya Ghana kwenye mashindano yale, matatu aliyafunga yeye. Kocha gani angemnyang’anya mpira?

Jambo ambalo mabingwa wa kochi hawapendi kulikumbuka ni lile lililofuata. Dakika chache baada ya kugonga mwamba, zamu ya kupigiana penalti ilipofika, wa kwanza kwenda kwa upande wa Ghana alikuwa Gyan yule yule. Alipiga juu, akafunga. Waliokosa ni nahodha Mensah na kijana Adiyiah wa miaka 20, Uruguay wakashinda 4-2. Sebuleni kwetu wengine hawakuiona penalti ile ya pili, kwa kuwa walikuwa bado wanabishana juu ya ya kwanza.

Februari 2012 Gyan alikosa nyingine dhidi ya Zambia, katika nusu fainali ya Afrika kule Bata, na Ghana wakafungwa 1-0. Safari hii lawama zilikuwa nzito hata akajitenga kwa muda na timu ya taifa. Amesema hadharani kwamba mama yake, aliyefariki mwaka huo huo, alimwomba asipige tena penalti kwenye mashindano. Mzazi kumwomba mwanawe jambo kama hilo! Hata hivyo alirudi kucheza, na alipotangaza kustaafu mwaka 2023 alikuwa ameifungia Ghana mabao 51, sita kati ya hayo kwenye Kombe la Dunia, kiasi ambacho hakuna Mwafrika mwingine aliyekifikia hadi wakati huo.

Nasi tunao wetu tuliowaonea. John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, akamaliza wa 57, wa mwisho, huku wenzake kadhaa wakiwa wameacha njiani, leo tunamsifu sote. Lakini kwa maoni yangu aliyeonewa zaidi ni Juma Ikangaa. Alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, wa pili 1989, wa pili 1990, na nimewasikia watu wazima wakisema hajui kumaliza. Mwaka ule wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja. Kilomita 42, sekunde moja! Na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Hilo wasemaji wangu hawakuwa nalo.

Ladha ya lawama hizi sisi wahamiaji tungepaswa kuwa tunaijua kuliko wengine. Simu ikilia kutoka nyumbani, baada ya salamu na habari za wagonjwa, huja lile swali: “Mwaka wa kumi huko, mwanangu, hata msingi hujachimba?” Anayeuliza hajui kodi ya nyumba hapa, hajui foleni ya karatasi za ukaazi, hajui Mei 2008. Yuko kwenye kiti chake barazani na anaona mlango wa ghala ulio wazi.

Lililonifanya niandike ni kijana mmoja wa jumuiya yetu, umri wake miaka 13, mguu wake wa kushoto mzuri kuliko wote katika timu ya shule yake. Jumamosi moja ya Septemba walipata penalti, mwalimu akamtazama, naye akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mwenzake akapiga, kipa akadaka. Baadaye nilimuuliza kulikoni.

“Ami, nikikosa mimi, nyumbani wataimba mpaka Idi.”

Kando ya uwanja tulikuwa wazazi na jamaa wanne kwa jumla. Wengine walikuwa majumbani, kwa maana saa ile ile kulikuwa na mpira wa Uingereza kwenye televisheni.