Pipa la Maji Uani: Sheria ya Mbu na Panya Inasema Nini?

Katika mitaa mingi ya Mombasa, maji ya mfereji huja kwa zamu. Siku yanapofunguliwa, kila chombo hujazwa: mitungi, ndoo, mapipa na matangi. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu nyumba haikai bila maji. Lakini pipa hilo hilo likiachwa wazi kwa wiki moja au zaidi kidogo, mbu waliotaga humo huwa tayari wameruka.

Ndiyo maana wakazi wengi huuliza: afisa wa afya ya umma akiingia uani na kukuta mapipa yamejaa, je, mwenye nyumba ana kosa? Jibu ni kwamba sheria haimkatazi mtu kuhifadhi maji. Inamkataza kuyahifadhi bila kifuniko.

Sheria inayotumika

Sheria inayotumika ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka wa 1921. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za afya mashinani pamoja na uzoaji wa taka. Kwa hiyo maafisa wa afya ya umma wanaotembelea mitaa na masoko ni watumishi wa kaunti.

Sheria hiyo huita "kero" hali yoyote katika nyumba, ua, kiwanja au biashara inayoweza kudhuru afya ya watu. Kuhusu mbu na panya, inataja mambo haya:

- Kisima, pipa, ndoo, tangi au chombo chochote cha kuhifadhia maji lazima kiwe na kifuniko, na kizibwe ili mbu wasiweze kuingia.
- Ua usiwe na makopo, chupa, vyungu au vitu vingine vinavyoweza kushika maji ya mvua. Hata vipande vya chupa vinavyopachikwa juu ya ukuta kuzuia wezi vimetajwa. Kwa Pwani, vifuu vya nazi na madafu yaliyotupwa yamo katika kundi hili, sawa na magurudumu ya zamani.
- Vichaka na nyasi ndefu karibu na makazi zifyekwe.
- Mashimo ya maji taka yazibwe vizuri.
- Malundo ya taka yaondolewe. Mawe, mbao au vifaa vya ujenzi vilivyorundikwa ni kero pia, iwapo afisa wa afya ataona vinaweza kuwa maficho ya panya.
- Maghala ya vyakula yajengwe kwa namna ambayo panya hawawezi kupenya.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Viluwiluwi vya mbu vikipatikana ndani ya chombo, kupatikana kwake peke yake ni kosa. Afisa hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeugua.

Kwa nini pipa na si mtaro pekee

Wakazi wengi hudhani mbu wote hutoka kwenye mitaro na madimbwi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo karibu na watu. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho ni kinga muhimu dhidi ya malaria, hakitoshi kumzuia. Mombasa imekumbwa na milipuko ya dengi mara kadhaa, ikiwemo ya 2013 na 2021. Chikungunya nayo ilizuka mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018.

Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa chombo kinapojazwa tena. Kwa sababu hiyo, kumwaga maji pekee hakusaidii sana. Pipa linahitaji kusuguliwa kwa brashi na sabuni angalau mara moja kwa wiki, kisha lifunikwe kabisa. Penye bomba la kufurikia kwenye tangi, wavu mwembamba unatosha. Kazi hii haingoji masika wala vuli. Wakati wa kiangazi, maji yanapoadimika na vyombo kuongezeka uani, mbu hawa huendelea kuzaana.

Panya hufuata chakula

Panya hukaa mahali penye chakula, maji na maficho. Panya jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu, na huzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Anayetega mtego au kuweka sumu huku taka zimelala nje atawaua wachache, na waliobaki watajaza nafasi. Njia inayodumu ni kuweka taka kwenye pipa lenye kifuniko, kutoacha mabaki ya chakula usiku, na kuinua magunia ya nafaka juu ya mbao, mbali na ukuta. Tundu la upana wa kidole gumba linamtosha panya kupita, kwa hiyo lizibwe kwa saruji au bati, si kwa matambara.

Wafanyabiashara wa vyakula, kuanzia Kongowea hadi vibanda vya mitaani, wana jukumu kubwa zaidi, kwani mkojo wa panya unaweza kuchafua chakula na maji na kuambukiza leptospirosisi.

Sumu ya panya isiyo na lebo, inayouzwa kwa vipakiti mitaani, iepukwe. Dawa zote za kuua wadudu na panya zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Sumu isiyojulikana imedhuru watoto, kuku na paka, na anayeimeza ni vigumu kutibiwa ikiwa daktari hajui ni sumu gani.

Mpangaji au mwenye nyumba?

Katika nyumba yenye wapangaji wengi na ua mmoja, lawama hurushwa huku na huku. Sheria imeweka utaratibu. Notisi hupewa kwanza aliyesababisha kero. Asipojulikana, hupewa anayekaa hapo au mwenye nyumba. Lakini tatizo likiwa la jengo lenyewe, kama vile shimo la maji taka lililobomoka au mtaro uliojengwa vibaya, au nyumba ikiwa haina mtu, notisi humwendea mwenye nyumba. Hivyo mpangaji hafai kubebeshwa mzigo wa ukarabati, na mwenye nyumba hafai kulaumiwa kwa ndoo aliyoiacha wazi mpangaji wake.

Notisi hueleza kero ni ipi na iondolewe kwa muda gani. Ikipuuzwa, suala hupelekwa mahakamani. Mahakama inaweza kuamuru kero iondolewe na kutoza faini. Amri hiyo nayo ikipuuzwa, maafisa wanaweza kuingia, kuifanya kazi wenyewe na kumdai mhusika gharama. Ni vizuri mkazi akumbuke kwamba faini chini ya sheria hii huamuliwa na mahakama. Hailipwi mkononi, mlangoni. Anayejitambulisha kuwa afisa anaweza kuombwa kuonyesha kitambulisho chake cha kazi.

Pa kuanzia

Mkazi mwenye kero ya jirani isiyosikilizwa, au ya kiwanja kisichojulikana mwenyewe, aifikishe kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake au kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yake, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Mwenye homa ya ghafla, maumivu ya viungo au ya nyuma ya macho aende kupimwa kituo cha afya kabla ya kununua dawa ya malaria. Anayeshuku dengi asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu.

Na kabla maji ya zamu ijayo hayajafunguliwa, kila nyumba inaweza kupiga hesabu moja rahisi: mapipa ni mangapi, na vifuniko ni vingapi? Hesabu hizo mbili zinapaswa kuwa sawa.