Stelingi ya mkono au ya pawa? Trekta dogo liulizwe kazi yake kwanza

MNUNUZI wa trekta dogo la mtumba huanza na injini, akageukia tairi, kisha bei. Stelingi huikumbuka siku ya tatu ya kulima, mabega yakiwa yamekufa ganzi.

Kwa aliyezoea pawatila, zilizosambazwa kwa wingi Tanzania baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, jambo hili ni geni. Pawatila haina usukani wa duara. Dereva huminya klachi ya upande anaotaka kwenda na kusukuma mpini. Akihamia trekta la magurudumu manne anakuta stelingi za aina mbili, na tofauti yake ni fedha.

Stelingi ya mkono ni boksi la gia, vyuma vya kuunganisha na boljointi. Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa miaka ya 1960, lilikuja na stelingi hiyo; ya pawa iliwekwa kwa mnunuzi aliyeilipia zaidi. Fundi wa kijijini anaimudu kwa grisi na boljointi mpya.

Trekta likiwa katika mwendo, stelingi hiyo si nzito. Taabu iko kwenye kugeuza, na shamba fupi lina kona nyingi. Likifungwa ndoo ya mbele ya kubebea samadi au mchanga, uzito wote huangukia magurudumu ya mbele na dereva atapigana na usukani kutwa nzima. Kuna na hatari ya mawe: gurudumu likigonga jiwe, usukani huruka ghafla na unaweza kuvunja kidole gumba kilichozungushiwa ndani. Madereva wa zamani huweka gumba juu ya duara, wala hawalifungi.

Stelingi ya pawa huondoa karaha hiyo. Mafuta yanayosukumwa na pampu ndiyo yanayofanya kazi, mtu anageuza kwa mkono mmoja. Lakini pampu huchoka, sili hukatika, mipira hupasuka. Katika matrekta mengi hakuna chuma kati ya usukani na magurudumu, ni mafuta tu. Mpira ukipasuka mteremkoni, trekta halisikii tena. Na injini ikizimika, usukani huwa mzito kuliko hata ule wa mkono.

Anayelima ekari zake tatu na kuvuta tela hana sababu ya kuongeza fedha. Anayekodisha trekta kutwa, au mwenye ndoo ya mbele, atailipia pawa bila kujuta.

Hata hivyo, wengi hulaumu stelingi bure. Kabla ya kununua vifaa vya kubadilishia, tairi za mbele zijazwe upepo, kisha trekta liinuliwe mbele kwa jeki na kuwekewa magogo imara. Usukani ukibaki mgumu magurudumu yakiwa hewani, tatizo ni boksi au kingpini zilizokauka grisi. Dawa yake ni ndogo.

Kwa trekta la pawa, mnunuzi aligeuze likiwa limesimama, injini ikiunguruma, kutoka kona hadi kona, kisha azime injini na kukagua kwa macho, si kwa mkono, fimbo ya silinda na mipira kutafuta unyevu. Afungue na kifuniko cha mafuta. Yakiwa na rangi ya maziwa, yameingiliwa na maji. Bei ishuke au aondoke.